Piko la Mama na Moyo wa Kijapani

Ipo siku moja, mwanangu, nikija kusahau hata jina langu sidhani kama nitaisahau. Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa London, upande wa Tooting, na ile mvua ya hapa isiyotaka kunyesha wala kuacha. Nilikuwa natoka dukani kwa Mhindi mmoja wa Kampala aliyekuwa akiuza hina nzuri. Kifurushi nimekibana kwapani kisilowe, roho imenikaa juu kwa jambo nitakalokueleza.

Lakini kwanza nikwambie kwa nini naikumbuka leo. Jana umenitolea simu yako, ukanionyesha neno la Kijapani, jeusi, zuri, ukasema unataka ukatiwe tatoo hapo kwenye kifundo cha mkono. Ulianza kunieleza kwa Kiswahili, ukakwama, ukarudi nyuma, ukakwama tena, mwisho ukamalizia kwa Kiingereza kama kawaida yako: maana yake moyo, Bibi. Toba! Mie nikanyamaza. Ukadhani nimekasirika. Basi nilikasirika kidogo, usimwambie mama yako, lakini zaidi nilistaajabu, maana neno lile nalijua. Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe kabla mama yako hajazaliwa. Ndilo lile lililotundikwa ukutani pale mlangoni kwangu, lile nyote mnalodhani ni picha ya bakuli na matone ya mvua, na duara la rangi ya chungwa mnalodhani ni jua. Miaka yote mnalipita mnavua viatu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Haya, sasa umeuliza. Kaa kitako, na hiyo simu ifunike.

Siku ile nilipita mbele ya jumba moja la kaunsili, halmashauri ya hapa, ambamo Jumamosi watu walikuwa wakijifunza vitu, mara kushona, mara kucheza dansi, mambo ya hapa. Mlango wa chumba kimoja ulikuwa wazi. Nikachungulia, si unajua mie na kuchungulia. Nikaona wanawake wameinama mezani, kimya, na kati yao mwanamke mmoja mfupi, nywele kazifunga kisogoni, ameshika kitu chembamba, anakichovya kwenye kitu cheusi ndani ya kijisahani, anachora polepole. Sasa mie, mwanangu, nimezaliwa Unguja, nimekulia miguuni kwa mama mchora piko, ile rangi nyeusi ya mikononi. Nikiona weusi ndani ya kijisahani na wanawake wameinama kimya, mie najua jambo moja tu: hapa anachorwa bibi harusi. Nikaingia moja kwa moja, viatu vinachuruzika maji, nikasema kwa sauti, "Assalaamu alaykum! Bibi harusi yuko wapi?"

Kwa Kiswahili, wallahi. Wale wanawake wakageuka wote kunitazama. Walikuwa Waingereza watupu, na hapakuwa na mkono wa mtu mezani, palikuwa na karatasi. Laiti ardhi ya Tooting ingepasuka ningeingia. Yule mfupi akanitazama mimi, akatazama kifurushi changu, akavuta kiti. "Kaa," akasema kwa Kiingereza, "umelowa." Ndiye Bi Haruko, mwalimu wao, Mjapani aliyeolewa na Mwingereza, mtu mzima kumpita mama yangu. Nikamweleza nilichokidhania, kuwa kwetu huu weusi ni wa mikono ya maharusi. Hakucheka. Alitaka kujua unachanganywa na nini, unashikwa na kijiti gani, unakaa siku ngapi mkononi. Kiingereza sote wawili tulikijia ukubwani, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko tulivyoelewana na wenyewe. Kisha akaniwekea karatasi mbele yangu, akanipa brashi. Nami brashi nikaipokea, ingawa nilikuwa nimeapa sitashika tena kitu cha kuchorea.

Ngoja nikueleze kiapo hicho kilitoka wapi.

Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, mie na mdogo wangu Asya, huyu unayemwita Bibi Mdogo. Mama alibaki. Alisema tutangulie, atafuata mambo yakitulia. Mie nikapata kazi hospitali, kusaidia wauguzi, na siku za mapumziko nikawa nachora piko maharusi wa kwetu waliokuwa huku, maana kazi hiyo mama alinifundisha tangu mdogo. Nilikuwa nachora huku napiga soga na kucheka, na watu wakinisifu. Kisha habari zikaja kuwa mama amefariki. Kwenda hatukuweza, mambo ya pasipoti na ruhusa siku zile yalikuwa mazito, na kwetu maiti haiwekwi. Alizikwa sisi tuko huku tunatazama dirishani. Shangazi yetu aliyekuwa naye akatuletea neno moja tu aliloliacha mama: Asya akiolewa, mikono yake aichore dada yake, asichore mtu mwengine.

Basi wasia ule ukaniharibia mkono. Zamani nilikuwa sitazami ninachokichora, mkono unakwenda wenyewe. Sasa nikaanza kutazama kila mstari, je, ni mzuri kama wa mama? Na nilipoanza kutazama ndipo nikaona kasoro. Shina la ua, linapofika hapa kwenye kifundo, pale linapopinda kuingia nyuma ya kiganja, lilikuwa likilala kidogo kushoto. Kila mara hapo hapo. Nalifuta kwa kitambaa cha limau, nachora tena, linalala tena. Napita juu yake nilisimamishe, linanenepa. Nanenepesha na upande wa pili ili pande zilingane. Ua linageuka doa. Msichana mmoja wa Walthamstow nilimtoa mikono kama aliyekuwa akibeba makaa, akalia siku ya harusi yake, na mama yake akaniaga kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. Tangu hapo sikuitwa tena na mtu, nami nikaapa sishiki tena kitu cha kuchorea.

Na hapo ndipo Asya akachumbiwa. Harusi ikawekwa Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Nikamwambia nitamtafutia mchoraji, yuko mama mmoja Mmombasa hodari. Asya akanitazama kwa yale macho yake. "Dada, utanichora wewe, au nitaolewa mikono mitupu." Nikamwambia asilete utani, bibi harusi wa kwetu mikono mitupu watu watadhani kuna msiba. "Na wadhani," akasema. Yule ukimwona mpole vile, kichwa chake ni jiwe. Kwa hiyo nilikuwa nimekwama, mwanangu: nisipochora nimevunja wasia wa mama na kumwaibisha mdogo wangu, na nikichora nitamharibu mbele ya watu. Ile hina ya kwapani ndiyo iliyokuwa yake.

Rudi sasa kwa Bi Haruko. Akanionyesha neno la kuandika. Lilikuwa jepesi kwa kutazama: tone dogo kushoto, kisha mstari mrefu unaoteremka na kupinda kama tumbo la bakuli halafu ncha yake inaruka juu, kisha tone moja katikati na moja kulia. Basi. Na hakuna hata kimoja kinachogusana na mwenziwe. Nikaliandika. Ule mstari mrefu ukatoka umepooza. Nikachovya brashi, nikapita tena juu yake niurekebishe, mkono ulishazoea hivyo. Bi Haruko akaivuta ile karatasi taratibu, akaikunja, akaniwekea nyengine. "Hapana," akasema. Nikaandika, nikarekebisha. Akaivuta tena. "Hapana."

"Kwani nini?" Nikaanza kuudhika, unanijua. "Si natengeneza? Ulikuwa mbaya."

"Ndiyo, ulikuwa mbaya," akasema. "Lakini ulikuwa wako."

Akanieleza kuwa katika kazi yao mstari ukishatoka umetoka. Ukiurudia hauponi, wino unavimba na mwenye macho anaona papo hapo. Kwao hilo ni kosa kubwa kuliko kuandika vibaya. Mwenye kukosa achukue karatasi nyengine aanze upya, lakini ule uliopita auache kama ulivyo. Nikamwuliza neno lenyewe ni nini hasa, hata tuligombanie hivi. Akasema, "Wajapani tunasema kokoro. Moyo."

Nikacheka kwa sauti. "Moyo gani huu, kila kipande mbali na mwenzake?"

"Kwani wako umekaa pamoja?" akaniuliza.

Mwanangu, nikaitafuta leso yangu, nikajifanya najifuta mvua.

Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata, kila nisipokuwa na zamu hospitali. Asya akawa ananicheka, "Dada, mie nina harusi, wewe unakwenda skuli ya Kijapani?" Ukweli ni kwamba nilishikwa na hamu. Nilitaka kujua hawa wenzetu wa mbali kule moyo wameuweka wapi. Maana Bi Haruko aliniambia kuwa neno lile walianza nalo Wachina, zamani sana walichora moyo wenyewe, ile nyama na vijumba vyake, kisha miaka ikaulainisha mpaka ukawa matone, na Wajapani wakauchukua kwao. Na hawakuuacha peke yake. Wameutia ndani ya maneno mengine chungu nzima, kama sisi tunavyotia nazi. Nikawa kila nikifika namwuliza, na hili je? Na lile?

Akaniambia Mchina akitaka kumwambia mtoto awe mwangalifu, anamwambia "moyo mdogo". Loo! Nikamwambia kwetu ukimwambia mtu ana moyo mdogo mtagombana, utakuwa umemwita mwoga. Akaniambia mwenye furaha kwao moyo wake umefunguka. Hilo nikalipokea kwa mikono miwili, maana sisi si tunasema moyo mkunjufu? Nao si ndio ule uliokunjuliwa? Akasema wakitaka kumtoa mtu wasiwasi humwambia aweke moyo chini. Hapo nikapiga meza, wale Waingereza wakashtuka. Sisi mwenye wasiwasi tunasema roho yake iko juu, na Wachina wanamwambia aishushe! Nani aliyewaambia? Hata vile vijiandazi na vitafunio vyao wanavyouza kule Soho, jina lake ni kugusa moyo. Nikamwambia sisi chakula cha asubuhi kinatufungua kinywa tu, kwenye moyo hakijafika.

Nami nikamlipa kwa ya kwetu. Nikamweleza kuwa sisi tuna moyo, na tuna roho, na si kitu kimoja ingawa tunavichanganya: roho ndiyo inayopenda biriani na ndiyo huwa mbaya, moyo ndio unaovunjika na ndio mtu anaotiwa akikata tamaa. Na mtu akikuumiza sana sana, amekukata maini. Akafurahi kwa hilo la maini, akasema Wachina humwita mtoto kipenzi "moyo na ini", wanavitaja pamoja. Nikamwuliza, na kufikiri? Kufikiri kwenu kunafanyika wapi? Akaandika neno la kufikiri, na chini yake, kwa udogo, umekaa moyo. Nikamwambia basi ni sawa na sisi, mtu akiwaza peke yake anasema moyoni, ingawa daktari wa hospitali yetu angetucheka sote wawili. Kokoro, akasema, si ile nyama anayoipima daktari. Ile ina jina lake jengine. Kokoro ni hayo mengine yote.

Nikirudi nyumbani nampelekea Asya. Akibeba sufuria ya moto nampigia kelele, "Moyo mdogo!" Akichelewa kurudi nami nimekaa macho, ananiambia, "Dada, weka moyo chini." Tukacheka, jambo ambalo kwa muda hatukuwa tukilifanya humo ndani.

Lakini mkono haukupona. Namaliza neno, naliona baya, nalirudia, naye anaikunja karatasi. Siku moja akaniandikia maneno mawili ubavu kwa ubavu. Moja kuwa na shughuli nyingi, jengine kusahau. Yote mawili yameundwa kwa moyo na alama ya kupotea, ila katika moja moyo umesimama kando, katika jengine umekaa chini. Nikayatazama sana. Nikamwuliza, mtu anayeogopa kusahau afanye nini? Nikajikuta namwambia yote, mama, wasia, Asya, yule msichana wa Walthamstow, kifundo cha mkono, limau. Sijui yalitoka wapi, sikuwa nimepanga.

Hakunipa pole. Alikuja nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika brashi, akanivuta naye, tone, mstari mrefu, tone, tone. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mwepesi. Tena akanivuta, na tena. Hivyo hivyo mama alinifundisha kushika kijiti cha piko, nikiwa sijafika hata skuli, mkono wake juu ya mkono wangu, kidevu chake utosini kwangu. Nililia pale mbele ya watu, machozi yakaharibu karatasi. Bi Haruko akangoja mpaka nikamaliza. Kisha akanikemea, na hayo maneno ndiyo ninayotaka uyasikie.

"Zamda," akasema, "mama yako alisema uchore, au alisema usikosee?"

Nikamwambia alisema nichore.

"Basi wewe unafanya jambo ambalo hukuagizwa, na uliloagizwa hulifanyi."

Nilichukia, sikufichi. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikasema huyu bibi hajui kwetu, hajui aibu ya watu wetu. Usiku roho haikutulia. Asubuhi nikamwambia Asya, nitakuchora. Akasema, "Najua." Hata hakugeuka, alikuwa anachemsha maziwa.

Ikafika siku ya kuchora. Flati yetu ilijaa wanawake mpaka kwenye ngazi, udi unafuka, jirani wa chini Mwingereza kapanda kuuliza kama kuna moto, kapewa sambusa kashuka. Bi Haruko nilimwalika, akaja na kimono chake kizuri, akakaa pembeni akapewa kaimati. Asya kalaza mkono juu ya mto. Nikachukua kijiti, nikasema bismillahi, nikaanza vidoleni. Vidole vikaenda vizuri. Nikaanza shina upande wa juu, likateremka, likafika kwenye kifundo, na pale pale, mwanangu, pale pale, likalala kushoto.

Mkono wangu wa pili ulishafika kwenye kitambaa cha limau. Nikamtazama Bi Haruko, nilitaka anikataze, ili nikiacha iwe ni lawama yake. Hata hakunitazama. Alikuwa anahangaika na kaimati, shira imemteremka kidevuni, anatafuta pa kujifutia. Kwa hiyo ikawa ni juu yangu mwenyewe. Kitambaa nikakiacha. Nikaendelea na majani, na maua, na mkono wa pili, na huko nako shina likalala vile vile, nikaliacha. Jasho lilinitoka mpaka kanga ikanigandia mgongoni.

Nilipomaliza, mama mmoja akainama akatazama, akasema, "Mbona limelala hapa?" Wengine wakainama. Nikasema moyoni, haya, Zamda, umeshaharibu.

"Nyamazeni," akasema Asya. Aliuinua mkono mpaka karibu na uso. Midomo ikaanza kumcheza. Nikajua analia kwa kuharibiwa, nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Dada," akasema, "wewe hukuwahi kuchorwa na mama."

Ilikuwa kweli. Mie nilikuwa mkubwa, mwanafunzi wake, sikukuu nilikuwa nikichora watoto wa jirani, na viganja vyangu hupata hina ya kubandika tu. Nilikuwa nakaa ubavuni kwake natazama kijiti.

"Mie alinichora kila Idi," akasema Asya. "Kila Idi nalala na mikono yangu juu ya mto, sipati usingizi, nakitazama hiki kifundo. Maua yake yote yalikuwa yakilala hapa. Yote, dada. Hili ni ua la mama."

Mie nilikaa chini pale pale sakafuni. Yule aliyenishika mkono nikiwa mdogo alinipa mkono wake na mstari wake unaolala, na mie kwa muda wote ule, kwa kutaka nimkumbuke, nilikuwa namfuta mama yangu kwa limau.

Bi Haruko akauliza kumetokea nini, nikamfasiria kwa Kiingereza cha kukatika katika. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia Jumamosi nije, nisisahau. Nilipokwenda akaniwekea karatasi, nikaandika ule moyo, mara moja, nikaweka brashi chini. Haukuwa mzuri sana. Yeye akachukua wino wake wa rangi ya chungwa, ule wa mwalimu, akauzungushia duara. Huko kwao hiyo ndiyo alama anayopewa mtoto aliyefanya vyema. Ndiyo hiyo karatasi, mwanangu, na ndilo hilo jua lenu.

Tuliendelea kuwa mashoga mpaka alipokufa. Alikuwa akiliandika neno lile kila asubuhi, lile lile. Nilimwuliza kama hachoki. Akasema la jana lilikuwa la jana. Nikammiminia chai.

Sasa nasaha yangu ni hii, nayo naisema wazi ili usije ukasema Bibi alizungumza kwa mafumbo. Neno la moyo ni zuri, na umelipenda, na mie nimefurahi sana kuwa umelipenda. Lakini usimpe mtu wa dukani alikate kwenye ngozi yako mara moja tu na liishe. Liandike wewe, kwa mkono wako, lipooze, kesho uliandike tena. Likipooza usilirudie juu yake. Fanya jambo kwa nia safi, na likishatoka liache lisimame au lilale, wewe uende na lijalo.

Na la pili, nalo ndilo nililokuwa nimelizungukia tangu mwanzo. Wewe Kiswahili chako unakifuta. Nakusikia. Unaanza neno, unaliona limelala, unalirudia, unaliona baya zaidi, unakimbilia Kiingereza. Unadhani unakosea. Hebu nikwambie kitu: ile namna yako ya kuivuta sauti mwisho wa maneno, inayokutia haya mbele ya binamu zako waliokuja juzi kutoka Unguja, wakakucheka, ile ndiyo namna aliyokuwa akisema mama yangu. Hukuwahi kumwona. Umeipata kwangu, nami nimeipata kwake, na mama yako hana. Kila unapoinyamazisha inaniuma, na leo nimekwambia. Kabla hujakifuta kitu kwa kukiona kasoro, ulizia kwanza ni cha nani.

Njoo Jumamosi, ulete mkono. Nitakuchora neno hilo la moyo kwa piko, hapo hapo kwenye kifundo ulipopataka, na najua upande gani litalala. Litafifia baada ya wiki chache, nawe utarudi nikuchore tena, na kila ukija utanisimulia ya wiki nzima kwa Kiswahili chako hicho hicho. Nikichoka mie utalichora wewe mkononi mwangu.

Mwenyezi Mungu akufungulie moyo wako kama Wachina wanavyosema, na aushushe chini ukipanda juu. Akupe watu wa kukushika mkono, na nawe akupe wa kuwashika. Asikuondoshee kilichotoka kwa wakubwa wako hata kama hujui jina lake. Na siku utakayokuwa bibi mzee na mjukuu anakujibu kwa lugha nyengine, akupe subira, maana mie imenibidi niombe sana. Amina, mwanangu. Itikia amina, tena ivute.